Maua ya Kivulini: Yalivyotoka Milimani Kwetu, na Namna ya Kuyatunza Uani

Leo hatutasema habari za mahindi, wala ufuta, wala kwelea-kwelea. Hayo tumeyasema sana, na tutayasema tena. Leo tukae kidogo kivulini.

Nyuma ya nyumba yako, chini ya mwembe au pale ukuta unapozuia jua tangu adhuhuri, pana kipande cha ardhi kisichokupa kitu. Umepanda mchicha, ukarefuka na kupauka. Umepanda bamia, ikatoa majani tu. Mwisho mmeacha, pakawa mahali pa kutupia magunzi. Sasa, iko mimea inayopenda mahali kama hapo, inayodumu mwaka hata mwaka bila kupandwa upya, nayo hutoa maua. Mingine ya mimea hiyo imezaliwa katika milima hii ya Uluguru unayoiona kwa mbali ukisimama stesheni ya Ngerengere asubuhi, kabla mawingu hayajaifunika. Imesafiri dunia nzima. Iko madirishani London na Chicago. Lakini uani kwetu haipo, na tukiiona mjini tunainunua kwa bei ya mgeni. Habari hii ina historia yake, na kabla sijakuambia chimba hapa, mwagia pale, nataka uijue.

Tuanze Unguja. Katika miaka ya 1860 hadi 1880 alikaa huko Mwingereza mmoja, Dakta John Kirk. Wengi wamesikia jina lake katika habari za kufungwa kwa soko la watumwa mwaka 1873, maana ndiye aliyekuwa balozi wa Uingereza kwa Sultani Barghash. Lakini Kirk alikuwa mganga na tena mtaalamu wa mimea. Alipata kusafiri na Livingstone katika mto Zambezi, kuanzia mwaka 1858, na kazi yake mojawapo ilikuwa kukusanya mimea. Huko Mbweni, nje ya mji wa Unguja, alikuwa na nyumba na bustani, akipanda humo miche ya kila namna. Kila alichokiona kigeni alikipeleka Kew, bustani kuu ya mimea karibu na London, kwa wataalamu waliokuwa wakiipa mimea majina.

Miongoni mwa mbegu alizozipeleka zilikuwemo za mmea mmoja laini, wenye shina lililojaa maji kama la nyonyoro, na ua bapa lenye petali tano na mkia mrefu mwembamba nyuma yake. Mmea huu unaota wenyewe kandokando ya vijito na chini ya miti, huku kwetu Tanzania, Kenya, na kushuka hadi Msumbiji. Ukiligusa tunda lake lililokomaa, linapasuka na kurusha mbegu, watoto wanaupenda kwa mchezo huo. Ndiyo maana wataalamu wakauita Impatiens, neno la Kilatini lenye maana ya asiye na subira. Mwaka 1882 bwana mkubwa wa Kew, Joseph Hooker, aliuandika katika jarida la mimea na kuupa jina Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar.

Hapo pana jambo la kuchekesha. Hooker huyohuyo alikuwa ameupa mmea uleule jina jingine mwaka 1868, kutokana na vielelezo vilivyokaushwa, akauita Impatiens walleriana. Jina hilo lilimheshimu Horace Waller, mmisionari aliyefika Afrika mwaka 1861 na baadaye akatengeneza kitabu cha safari za mwisho za Livingstone. Kwa kanuni za wataalamu, jina la kwanza ndilo linaloshinda. Kwa hiyo Sultani akapoteza ua lake, likabaki kwa mmisionari. Mwenye kijito ambako mbegu ziliokotwa hakuwahi kuingia katika mashindano hayo.

Waingereza na Wajerumani wote wameliita ua hili kwa jina la mwanamke, Lizzie mchapakazi, kwa kuwa halipumziki kutoa maua. Katika miaka ya 1960 Mmarekani mmoja aitwaye Claude Hope, aliyekuwa na shamba la mbegu huko Costa Rica, alifanikiwa kuzalisha aina fupi, zenye matawi mengi, zinazojaza tuta zima kwa rangi. Tangu hapo ndilo likawa ua la kivulini la watu wa Marekani. Kila majira ya joto walinunua miche kwa mamilioni. Kwao ni ua la msimu mmoja tu, maana baridi yao inaliua. Huku kwetu halifi kwa baridi. Linadumu.

UA LIMETOKA, MKONGE UMEINGIA

Sasa tuvuke twende Tanga. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya wa Kijerumani huko Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipata katika nchi ya Usambara mmea mdogo wenye majani ya mviringo yenye vinyweleo kama mahameli, na maua ya rangi ya urujuani yenye jicho la njano. Ulikuwa umejibana katika mwamba, kivulini. Akaupeleka kwa baba yake Ujerumani, na baba akampa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani ya Herrenhausen huko Hanover. Mwaka 1893 Wendland akauandika na kuupa jina la ukoo wao, Saintpaulia ionantha. Mwaka huohuo ukaonyeshwa katika maonyesho ya maua ya Ghent, Ubelgiji, na watu wakashangaa. Kampuni ya mbegu ya Ernst Benary, mjini Erfurt, ikaanza kuuza mbegu.

Usidhani kwamba bwana yule alikuwa mgeni wa kwanza kuuona. Kirk alikwisha kupeleka kielelezo Kew mwaka 1884, na mwaka 1887 akapeleka W. E. Taylor, mmisionari wa Mombasa, yuleyule aliyekusanya methali za Kiswahili na kuzitia kitabuni mwaka 1891. Vielelezo vyao havikutosha kuandikiwa, vikawekwa kabatini. Na wenyeji wa Usambara, waliokuwa wakiteka maji katika miamba ile, bila shaka walikuwa wakiuona kila siku. Katika historia ya mimea, anayehesabiwa ni aliyeandika, si aliyeona.

Lakini sikiliza jambo hili, ndugu mkulima wa Ngerengere, kwani linakuhusu wewe hasa. Mwaka uleule wa 1893, pwani ileile ya Tanga na Pangani, kuna mmea uliokuwa ukiingia. Dakta Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya Kijerumani, alikuwa amesoma habari za katani ya Meksiko katika jarida la Kew. Meksiko hawakutaka kutoa miche, basi akaagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, Marekani, kwa njia ya Hamburg. Vilivyofika vikiwa hai vilikuwa 62 tu. Hivyo 62 ndivyo vilivyozaa mashamba ya mkonge ya Tanga, ya Morogoro, na haya uliyoyazoea kuyaona kandokando ya reli hapo Ngerengere. Reli yenyewe ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, na mashamba yakaifuata.

Ukitazama daftari la mwaka 1893, basi, utaona mali imetoka na mali imeingia. Iliyotoka ilikuwa ua dogo la kivulini, likaenda kuwa biashara kubwa kwa watu wengine. Mwaka 1926 hivi, wakulima wa maua wa Los Angeles, Armacost na Royston, waliagiza mbegu kutoka Ulaya, wakachagua aina kumi zilizo bora, na kutoka hizo kumi yamezaliwa maelfu ya aina za leo. Mwaka 1946 wapenzi wa ua hili walianzisha chama chao huko Atlanta, nacho kingalipo. Iliyoingia ilikuwa mmea wa jua kali, unaotaka shamba kubwa, kiwanda na manamba. Watu walitolewa mbali kuja kukata mkonge huo. Sisemi mkonge ni mbaya, kwani umeijenga nchi hii, na bei yake ilipokuwa juu tulijivuna nao. Nasema tu kwamba mmoja tuliulipia kwa jasho, na mwingine ukaondoka bila hata shukrani.

Na tena, hata jina "mkonge" ni la kuazima. Tazama kamusi za zamani za Kiswahili: mkonge ulikuwa ule mmea wa porini wa kwetu, wenye majani manene yaliyosimama kama panga, na madoadoa ya kijani iliyofifia. Wazee waliutwanga wakapata nyuzi za kamba, za nyavu na za upinde. Mmoja wa jamii hiyo, wa pwani na visiwani, uliandikwa huko Kew mwaka 1887 kwa jina la Kirk yuleyule: Sansevieria kirkii. Ulipokuja mgeni wa Meksiko mwenye nyuzi ndefu zaidi, alirithi na jina. Mkonge huu wa porini uuweke moyoni, nitaurudia, kwani kwa mtu wa Ngerengere ndio wenye faida kuliko yote niliyoyataja.

NA HUKU ULUGURU JE?

Nimesikia watu wakijisifu kwamba lile ua la urujuani la madirishani limetoka Uluguru. Hapana. Mama wa aina zile za dukani ni wa upande wa Tanga. Lakini Uluguru inao ndugu zake. Mwishoni mwa mwaka 1898 Mjerumani kijana, Walter Goetze, alipanda milima hii akikusanya mimea, kisha akaendelea kuelekea Uhehe na Ziwa Nyasa, na mwaka 1899, kabla hajarudi kwao, akafa. Mwaka 1900 Profesa Engler wa Berlin akauandika mmea mmoja wa huku kwa jina lake, Saintpaulia goetzeana. Wako na wengine wawili katika milima hii. Mmoja anaitwa pusilla, maana yake mdogo sana, na mwingine inconspicua, asiyeonekana kwa urahisi. Majina yenyewe yanakueleza. Maua yao ni meupe yaliyochanganyika na urujuani hafifu, nayo ni madogo, hakuna tajiri wa Ulaya aliyeyatamani kwa dirisha lake. Siku hizi wataalamu wameyahamisha yote, tangu mwaka 2015, katika jamii iitwayo Streptocarpus. Wao hawachoki kubadili majina, lakini mmea ni uleule.

Mimea hii haina hila. Inaishi penye msitu juu yake, ukungu unaoilowesha, na jiwe lenye kuvu la kuishikilia. Ukikata mti mmoja ulioifunika, jua la saa sita linaingia, jiwe linakauka, nayo inakufa kabla ya masika mengine. Na kwa kuwa kila aina imejificha katika mabonde machache, ikifa hapo imekwisha duniani. Hakuna pa kuitafuta.

Utasema: ua likifa mimi nimepungukiwa nini? Nijibu hivi. Kivuli kinacholinda lile jiwe lenye ua ndicho kinacholinda kijito chini yake. Mto Ngerengere unazaliwa katika miteremko hiyo, unapita bwawa la Mindu linalowanywesha watu wa Morogoro mjini, halafu unazunguka kuja mashariki, unakufikia wewe, kisha unamwaga maji yake Ruvu, na Ruvu ndiyo inayowanywesha watu wa Dar es Salaam. Bibi mmoja anayeteka maji ya Ngerengere mwezi wa Septemba anajua mto huo unavyokuwa: madimbwi na mchanga. Yale maua madogo ni kama alama tu. Pale yanapoota bado, kijito hakijakauka.

Wazee wa Kiluguru walilijua jambo hili bila kufundishwa na mtu. Kila ukoo, yaani lukolo, ulikuwa na mahali pa mizimu, na miti ya mahali hapo haikukatwa. Wajerumani baadaye walitangaza misitu ya juu kuwa hifadhi ya serikali kabla ya Vita ya Kwanza. Mwaka 2008 imekuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru. Vivuli vitatu, vya mizimu, vya mkoloni na vya serikali yetu, na mara nyingi ni miti ileile.

Lakini hapa lazima niseme kwa uangalifu, maana katika milima hii watu walikwisha kupata shauri la kilimo lililowachoma. Kuanzia mwaka 1950 serikali ya Kiingereza ilileta mpango wa matumizi bora ya ardhi ya Uluguru. Ikaamuru kila mtu achimbe matuta ya ngazi, siku tatu kwa wiki, ikakataza kuchoma moto mashamba na kulima miteremko mikali. Nia yao kwa mto huenda ilikuwa njema. Kazi yenyewe ilikuwa mbovu. Udongo wa Uluguru ni mwembamba juu, na ukichimba ngazi unafukia ule mzuri na kufunua ule mwekundu usio na rutuba, mahindi yakatoka dhaifu kuliko ya mwanzo. Watu walisema, hawakusikilizwa. Mwezi Julai 1955 huko Matombo zikatokea ghasia, polisi wakapiga risasi na mtu mmoja akafa. Mpango ukavunjika, na TANU ikapata wanachama wengi milimani. Tangu siku hizo, Bwana Shamba akipanda mlima akiwa na shauri lolote, mzee humtazama kwanza mikono kuona kama amewahi kushika jembe. Nami sikulaumu ukinitazama hivyo. Shauri langu la leo halina siku tatu kwa wiki. Ni kipande cha ardhi chini ya mwembe, na ukikataa hakuna atakayekupeleka barazani.

Kuna sababu nyingine ya kuyajali maua haya. Lile ua la Lizzie mchapakazi lilipata msiba. Mwaka 2003 huko Uingereza, na tangu 2011 huko Marekani, liliingiliwa na ugonjwa wa ubwiri unyoya. Majani yanageuka manjano, chini yake kunakuwa na unga mweupe kama manyoya, yanapukutika, linabaki shina tupu. Vitalu vizima vilitupwa. Kwa nini ugonjwa ulienea hivyo? Kwa sababu maua yale yote yalikuwa ndugu wa damu moja, yaliyotoka katika mbegu chache. Ilichukua miaka wataalamu kupata aina zinazostahimili. Mkulima wa mahindi analielewa jambo hili vizuri: ukibaki na mbegu ya aina moja tu kijijini, siku ikiugua mmeugua wote. Mahali pa kutafuta damu mpya ni porini, kwa jamaa za mmea huo, na jamaa za Impatiens wako tele katika milima yetu, wengine hawapo popote pengine. Tangu mkataba wa Rio wa mwaka 1992 na ule wa Nagoya wa mwaka 2010, nchi inayo haki ya kuulizwa na kugawiwa faida kabla mmea wake haujachukuliwa. Enzi za Kirk na Saint Paul hazikuwa na sheria hiyo. Sheria leo ipo, bali hailindi mmea uliokwisha kukatiwa kivuli. Kwa hiyo ukipanda milimani kuwaona ndugu zako, usiyang'oe yale maua ya mwambani kuja nayo Ngerengere. Joto la huku litayaua ndani ya wiki mbili, na utakuwa umepunguza hesabu ambayo ni ndogo tayari.

SASA TUSHIKE JEMBE

Ngerengere si Mgeta. Ni bonde, pana joto, na kati ya Juni na Septemba ardhi inapasuka. Kwa hiyo tuchague kwa akili.

Lizzie huyu unaweza kumpata kwa jirani wa Morogoro mjini, au kwa wauza miche, na kwa yule wa aina ya kawaida huhitaji mbegu. Omba tawi lenye urefu wa kidole. Likate chini kidogo ya kifundo, ondoa majani ya chini na maua yote, litie katika glasi ya maji mahali pasipo na jua. Wiki mbili hivi utaona mizizi myeupe. Andaa udongo kwa kuchanganya majani yaliyooza vizuri, mchanga kidogo na samadi ya zamani. Samadi ikizidi utapata majani matupu. Panda mwanzo wa masika, kivulini, mbali na shina la mwembe kiasi cha hatua mbili ili mizizi ya mwembe isimnyang'anye maji. Akilala mchana usishtuke, amesikia kiu tu, mpe maji jioni na asubuhi utamkuta amesimama. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanamfaa, ya sabuni hapana. Akirefuka na kuwa kama mlingoti, mkate ncha, atatoa matawi pembeni, na zile ncha ukazitie tena katika glasi. Wakati wa kiangazi, kama maji ni ya shida, mwacheni. Msipunguze maji ya mbuzi kwa ajili ya ua. Wekeni miche miwili mitatu katika kopo karibu na mtungi, humo mtavuka nayo hadi vuli.

Liko na lile ua linalochomoza lenyewe mvua za kwanza zikinyesha, mpira mwekundu kama moto juu ya bua moja, kabla au pamoja na majani. Wataalamu huliita Scadoxus. Linapenda kivuli cha vichaka na halihitaji huduma yoyote: kiangazi linalala chini kama kitunguu, mvua ikija linaamka. Ukichimba kitunguu chake wakati kimelala ukakifukia uani, shingo yake ikiwa karibu na uso wa ardhi, utakuwa nalo miaka mingi. Ila kumbuka, kitunguu hicho kina sumu, na sumu zaidi anayo mwenzake anayetambaa juu ya vichaka kwa ncha za majani yake, mwenye maua mekundu na njano yaliyopinda juu kama miali. Huyo anaitwa Gloriosa, na kiazi chake mtu mwenye njaa anaweza kukidhania kiazi kikuu. Kimeua watu. Kama una watoto wadogo, au unachimba viazi vya porini, huyo mwache hukohuko porini.

Anayebaki ni mkonge wa porini. Huu ndio mstahimilivu wa kweli. Unakaa chini ya miti ambako jua halifiki, unakaa miezi bila maji, mbuzi hawaugusi sana, na mizizi yake inayotambaa chini ya ardhi inashika udongo pale maji ya paa yanapoangukia, kazi ambayo Lizzie hawezi. Maua yake si ya kujionyesha. Ni meupe au ya kijani hafifu, yamepangwa juu ya bua, nayo yanafunguka jioni. Keti nje baada ya chakula cha usiku, harufu itakufikia kabla hujajua inatoka wapi, na nondo watakuwa wamekutangulia. Ndugu zake wanauzwa mijini katika vyungu, na sasa treni ya umeme inayosimama Ngerengere tangu mwaka 2024 imesogeza Dar es Salaam karibu. Mama mwenye miche hamsini kivulini ana kitu cha kupeleka. Si utajiri, lakini ni fedha ya kiberiti na chumvi kutoka mahali palipokuwa pa kutupia magunzi.

Kuuzalisha kuna njia mbili. Ya haraka ni kuchimba kichipukizi na kipande cha mzizi wake, mvua zikianza, na kukipanda siku hiyohiyo. Ya pili ni ya jani. Kata jani moja katika vipande vya urefu wa kiganja, uvitie alama upande uliokuwa chini, maana ukikipanda kichwa chini hakitaota mizizi hata ungoje mwaka. Viache vikauke kidonda kivulini siku mbili au tatu, ndipo uvichomeke katika mchanga, usivimwagie maji mengi, vitaoza. Hapo subira inahitajika, kichipukizi kitachukua miezi kadhaa kutokeza. Na kama jani ulilolikata ni la aina ile ya mjini yenye ukingo wa njano, ujue watoto watatoka kijani kitupu. Ule ukingo hauendi kwa njia ya jani. Anayeutaka lazima achimbe mzizi.